Mungu wa Safari Ndefu

Jumapili asubuhi hapa Nairobi, ukitoka Mountain View kuelekea Kangemi, utamsikia Mungu akiitwa kwa majina kadhaa kabla hujafika sokoni. Waakurinu wa vilemba vyeupe wanamwita Ngai. Waumini wa kanisa la African Israel Nineveh, wakiandamana na ngoma na bendera zao, wanamwita Nyasaye. Katika Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, alikofika Papa Francis tarehe 27 Novemba 2015, wanasali kwa Kiswahili na kusema Mungu. Hakuna kati yao anayedhani kwamba jirani anaabudu mwingine.

Haikuwa hivi tangu zamani. Katika sensa ya mwaka 2019, kati ya Wakenya milioni 47, karibu asilimia 85 walijitambulisha kuwa Wakristo na karibu 11 Waislamu. Waliobaki na dini za jadi hawakufika hata asilimia moja. Sehemu kubwa ya mabadiliko hayo, huku bara, imetokea katika vizazi vinne au vitano. Wengi huyaeleza kwa neno moja: wakoloni. Mimi naona jibu hilo ni jepesi mno, na linawapunja mababu zetu.

Tuanze na majina. Ngai limetoka kwa Wamaasai, wanaosema Enkai, neno la kike katika lugha yao ambalo pia ni mvua na mbingu. Wakikuyu na Wakamba walilichukua kwa jirani, bila mmisionari. Mungu ni ndugu wa Mulungu na Murungu, majina ya Kibantu yaliyoenea kutoka Meru hadi Malawi. Hata sarufi inakumbuka umri wake: wingi wake ni miungu, kama mto na mito, mwezi na miezi, ingawa akiwa mmoja tunamsemea kama mtu. Waislamu wa pwani walilitumia neno hilo kwa karne nyingi, na mmisionari Edward Steere, alipotafsiri Agano Jipya kule Unguja katika karne ya 19, hakuona haja ya kutafuta jingine.

Kwa hiyo wazo la Muumba aliye juu ya wote halikuwa geni. Kilichokuwa tofauti ni kazi yake. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha 1938 kuhusu Wakikuyu, anaeleza kwamba Ngai hakusumbuliwa kwa mambo madogo ya mtu mmoja. Aliombwa chini ya mti wa mugumo, watu wakielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, mvua ilipokataa au maradhi yalipoikumba nchi. Mengine ya kila siku yalikuwa ya ukoo na mizimu yake.

Mwaka 1971 Robin Horton, Mwingereza aliyefundisha Nigeria sehemu kubwa ya maisha yake, alitoa hoja ambayo sijaona iliyoipita. Roho ndogo, alisema, husimamia ulimwengu mdogo: kijiji, kisima, kaburi la babu. Mungu mkuu husimamia ulimwengu mpana ulio nje ya kijiji. Mtu anayeishi na kufa karibu na alipozaliwa humhitaji huyo mkuu mara chache. Akianza kusafiri, kufanya biashara na wageni, kufanya kazi ya mshahara mbali na kwao, mizani inageuka.

Mfikirie kijana aliyetoka Maragoli kuja Nairobi baada ya reli kufika hapa mwaka 1899. Mzimu wa babu yake unajua mipaka ya shamba na majina ya watoto. Haumjui mwajiri, wala hakimu, wala Mkamba anayelala kitanda cha pili. Yuko wapi wa kushuhudia kiapo kati ya kijana huyu na Mkamba huyo, wasio na babu mmoja? Aliye juu ya wote peke yake.

Pwani inatupa ushahidi mzuri zaidi, kwa kuwa huko hakukuwa na bunduki ya mkoloni. Huko Shanga, kisiwani Pate, wachimbuaji walikuta chini ya msikiti wa mawe mabaki ya misikiti midogo zaidi, wa zamani kabisa ukiwa wa miti, wa mwishoni mwa karne ya 8. Lakini Uislamu ulikaa pwani miaka elfu moja bila kupanda sana bara. Kwa nini? Nahodha na mfanyabiashara wa pwani walishughulika na watu wa ng'ambo waliohitaji kuaminiana nao. Mkulima wa bara hakuwa na shida hiyo, hadi misafara ya karne ya 19 ilipomfikia mlangoni.

Hata Wayahudi walipitia njia hii. Babeli ilipobomoa hekalu la Yerusalemu mwaka 586 kabla ya Kristo na kuwachukua watu mateka, Mungu wa nchi moja angeweza kusahaulika kama wengine wengi. Badala yake manabii wa uhamishoni ndio waliosema kwa nguvu kuliko wote kwamba hakuna mwingine, popote.

Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda aliyefundisha pia Chuo Kikuu cha Nairobi, angenikemea hapa. Alieleza jinsi wamisionari walivyowauliza Waacholi ni nani aliyewafinyanga. Swali halikuwa na maana kwao, mwishowe wakamtaja Rubanga, roho anayemfinyanga mtu hadi awe na kibyongo. Jina lake ndilo likawa jina la Mungu katika vitabu vya dini. Onyo lake ni la haki. Si kila jamii ilikuwa na Muumba mmoja akisubiri, na mara nyingine kalamu ya mfasiri ndiyo iliyompandisha cheo.

Kalamu, kwa kweli, ilikuwa na nguvu kuliko mahubiri. Wakikuyu waliwaita waongofu wa kwanza athomi, wasomaji, na Waganda nao wakawaita hivyo hivyo. Aliyetaka kusoma barua na hati ya ardhi alipitia darasa la misheni, na kitabu cha kwanza mkononi kilikuwa cha Mungu mmoja. Watawala pia walisaidia: mfalme Ezana wa Aksum, katika karne ya 4, aliondoa mwezi kwenye sarafu zake akaweka msalaba. Lakini amri ya mtawala huisha na mtawala, isipokuwa watu wawe wamekwisha kupata sababu zao.

Sababu hizo zilionekana wazi mwaka 1929, si mbali na Mountain View. Misheni ya Thogoto na nyingine zilidai waumini waweke kidole, kirore, kukana tohara ya wasichana. Maelfu waliondoka. Wakajenga shule zao na makanisa yao huru, wakachangishana senti kwa senti kulipa walimu. Walimwacha mmisionari, lakini Biblia waliondoka nayo, na Ngai pia. Miaka ya 1950 wapiganaji wa Mau Mau msituni waliomba wakiielekea Kirinyaga, na mahomugadi, walinzi wa serikali ya kikoloni waliokuwa wakiwasaka, waliomba kanisani. Pande zote mbili zilimwita Ngai.