Hesabu ya Nyumba Tupu

Chukua majengo mawili ya kupangisha mtaa mmoja wa Nairobi, kila moja na nyumba 40. Moja limejaa mwaka mzima. Jingine halikosi kibao cha "nyumba ipo" getini. Mara nyingi kinachoyatofautisha ni usimamizi.

Wenye majengo wengi humwajiri wakala wakidhani kazi yake ni kukusanya kodi. Siku hizi hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Mpangaji hulipa kwa M-Pesa, akaandika namba ya nyumba yake kama namba ya akaunti, na wakala akaona papo hapo nani amelipa na nani bado. Kazi ngumu ni kumfanya mpangaji mzuri asihame.

Tuseme nyumba ni shilingi 25,000 kwa mwezi. Ukipandisha 1,000, unapata 12,000 za ziada kwa mwaka. Mpangaji akikataa, akahama, na nyumba ikalala tupu mwezi mmoja, umepoteza 25,000, na bado hujapaka rangi. Nyongeza yako itachukua zaidi ya miaka miwili kuziba pengo hilo.

Lakini kodi sio sababu pekee ya watu kuhama. Maji huwahamisha vilevile. Pampu inaungua Ijumaa jioni; msimamizi wa ploti anampigia wakala, wakala anampigia mwenye jengo, naye hashiki simu. Hadi Jumatatu, wa ghorofa ya tano wamepandisha mitungi ngazi kwa ngazi na wameanza kuulizia nyumba kwingine. Dawa yake iwe ndani ya mkataba: wakala aruhusiwe kutumia kiasi kilichokubaliwa wakati wa dharura bila kuomba idhini, kisha alete risiti mwisho wa mwezi. Fedha zenyewe zitengwe kila mwezi kutoka kwenye kodi.

Hapa ndipo wengi hubana mkono. Tangu Januari 2024, mwenye nyumba anayepata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hutozwa ushuru wa asilimia 7.5 ya kodi yote aliyopokea, bila kuondoa gharama. Malipo ya fundi hayampunguzii ushuru, kwa hiyo humwahirisha fundi. Hesabu ya nyumba tupu ndiyo inayoonyesha hasara ya kuahirisha.

Amana nayo ikae akaunti ya peke yake, kwa kuwa ni pesa ya kurudishwa. Siku ya kuingia, wakala na mpangaji wakague pamoja sinki, vioo, soketi na kuta, wapige picha, watie sahihi. Pasipo karatasi hiyo, siku ya kuhama kila ufa una wazazi wawili wanaoukana.

Maandishi yana uzito zaidi kwa sababu sheria ya Kenya ya kudhibiti kodi za nyumba za kuishi inahusu zile zisizozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Fleti nyingi za mjini ziko nje yake, na mkataba ndio ngao ya pande zote mbili.

Kabla ya kumkabidhi wakala jengo, hakikisha amesajiliwa na bodi ya mawakala wa nyumba. Kisha, kwa kuwa ataahidi kukusanya kodi yote, muulize katika majengo anayosimamia sasa ni wapangaji wangapi wamekaa zaidi ya miaka miwili.