Mgonjwa asiyepona anapotamani kuvua mara ya mwisho

Tuseme umepigiwa simu kutoka Sindo. Rafiki yako wa tangu utotoni amerudishwa nyumbani kutoka hospitali kubwa, na madaktari wamesema saratani imeenea, haiwezi tena kuponywa. Unafunga safari kutoka Nairobi au Kisumu, unambebea sukari na sabuni kama ilivyo desturi, unaketi kando ya kitanda chake. Naye, badala ya kukuuliza habari za matibabu ya India, anakuambia kwamba angependa kwenda ziwani kuvua sangara mara moja tu kabla hajafa. Je, utamjibu nini?

Wengi wetu hujibu upesi, "Usiseme hivyo, utapona." Maneno hayo hutoka kwa mapenzi, lakini humnyamazisha mgonjwa. Yeye anajua hali yake kuliko unavyodhani. Kutoka siku hiyo hatakueleza tena anachotaka, na wewe utarudi mjini ukiamini kuwa umemtia moyo.

Jambo la kwanza ambalo msomaji anafaa kufahamu ni kwamba ombi kama hilo si upuzi wa mtu aliyechanganyikiwa. Ni sehemu ya matibabu. Daktari Mwingereza Cicely Saunders, aliyefungua Hospisi ya St Christopher jijini London mwaka wa 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa hayako mwilini pekee. Kuna maumivu ya akili, kuna ya kutengwa na watu na kazi, na kuna ya roho. Mvuvi aliyelala miezi minne akitazama mabati ya nyumba yake anaumwa na hayo yote, na hakuna kidonge kinachoweza kumrudishia heshima ya kushika mshipi.

Huko Uholanzi, mwaka wa 2006, dereva wa ambulensi aitwaye Kees Veldboer alikuwa akimhamisha mgonjwa wa aina hiyo, mtu aliyewahi kuwa baharia. Mgonjwa alitamani kuona tena meli na maji. Veldboer aliomba ruhusa, akampeleka kwenye bandari ya Rotterdam siku yake ya mapumziko, akiwa amelala kwenye machela juu ya boti. Mwaka uliofuata alianzisha shirika la kuwapeleka wagonjwa mahututi kule wanakotamani kwenda. Sisi hatuna ambulensi za kazi hiyo, lakini Sindo ina boti, na ina vijana wenye mabega.

Pengine rafiki yako si mvuvi bali mwindaji, mmoja wa wale waliokua wakifuata mbwa katika bonde la Lambwe. Hapo hakuna njia ya mkato. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka wa 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 ina adhabu kali. Mgonjwa hasamehewi, na wewe uliyembeba hutasamehewa. Lakini Mbuga ya Ruma haiko mbali na Sindo, nayo ndiyo mahali pekee nchini ambapo korongo wangali wanaishi porini. Mzee aliyejua kunusa upepo na kusoma nyayo anaweza kuketi ndani ya gari alfajiri na kuwatafuta wanyama hao kwa macho. Nadhani macho ndiyo yaliyofanya sehemu kubwa ya uwindaji wake hata zamani.

Turudi ziwani. Kosa kubwa zaidi ambalo jamaa hufanya ni kungoja. "Acha kwanza apate nguvu kidogo," husema. Mtu mwenye saratani iliyoenea hapati nguvu. Huzipoteza, na mara nyingi huzipoteza ghafla. Ikiwa juma hili anaweza kuketi kwa saa mbili, safari ni juma hili. Familia nyingi zimefanya harambee na kuuza ng'ombe ili kumpeleka mgonjwa mbali kwa matibabu ambayo madaktari walikwisha kusema hayatamsaidia, ilhali petroli ya boti kwa asubuhi moja ilionekana ni gharama isiyo na maana.

Kabla ya yote, maumivu yatulizwe. Hakuna anayefurahia samaki huku mifupa inamchoma. Dawa kuu ya maumivu makali ya saratani ni mofini, na ile inayonywewa kwa maji imetumika sana katika eneo letu tangu Dkt. Anne Merriman aanzishe Hospice Africa nchini Uganda mwaka wa 1993. Hapa kwetu Nairobi Hospice ilikuwa imetangulia, mwaka wa 1990, na leo kuna hospisi hata Kisumu. Muulize daktari au muuguzi anayemhudumia rafiki yako. Hospitali isiyo nayo inaweza kuwaelekeza.

Watu wengi huiogopa mofini wakidhani ni dawa ya kumuua mgonjwa au kumfanya mraibu. Ikitumiwa kwa kipimo alichoandika daktari ili kutuliza maumivu, haifanyi hivyo. Ile ya maji hunywewa kila baada ya muda wa saa nne, bila kungoja maumivu yarudi. Siku mbili tatu za kwanza mgonjwa aweza kusinzia na kuhisi kichefuchefu, kisha mwili huzoea. Kwa hiyo usikubali dawa hiyo ianzishwe asubuhi ile ile ya safari. Ianze angalau juma moja kabla. Pia hufunga choo, na jambo hili halitoweki kadiri siku zinavyopita, kwa hivyo dawa ya kulainisha choo iandamane nayo tangu mwanzo. Nimesikia wagonjwa wakilalamika zaidi juu ya choo kuliko juu ya uvimbe wenyewe.

Mwulize daktari pia kuhusu kipimo cha ziada, kile ambacho mgonjwa hupewa maumivu yanapochomoza katikati ya vipindi viwili. Kuinuliwa kutoka kitandani na kuingizwa botini ndiko kutakakoumiza zaidi, basi kipimo hicho akinywe nusu saa hivi kabla ya kuinuliwa, ikiwa daktari amekubali. Chupa ya dawa ifungwe vizuri, iwekwe mbali na jua, na iwe mikononi mwa mtu mmoja tu ambaye anajua kupima. Watu watatu wakishika dawa, mgonjwa atapewa mara tatu au hatapewa kabisa.

Daktari ana jambo jingine la kukuambia: je, saratani imeingia mifupani? Mfupa wa paja au wa mgongo uliodhoofika unaweza kuvunjika kwa sababu ya mkono mmoja uliomvuta vibaya. Mgonjwa wa namna hiyo habebwi mgongoni wala hashikwi makwapani. Huwekwa juu ya shuka nene au machela, watu wanne wakashika pembe na kuinua kwa pamoja. Fanyeni mazoezi ya jambo hili nyumbani, mkimbeba mmoja wenu aliye mzima. Mtacheka, lakini mtajua ni nani asiye na nguvu.

Ziwa nalo lina saa zake. Aghalabu asubuhi na mapema maji huwa shwari. Kadiri jua linavyopanda, upepo huanza kuvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu, na mawimbi yakaanza kuipiga boti ubavuni. Ondokeni mapambazuko, mrudi kabla jua halijawa kali. Mwulize mwenye boti, si jamaa wa mgonjwa; mwenye boti akisema leo hapana, ni hapana. Kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha, mgonjwa kwanza, hata kama katika maisha yake yote ya uvuvi hakuwahi kulivaa na sasa anawacheka.

Msiende mbali. Hakuna haja ya kufika Mfangano. Umbali ambao bado mnaona watu wakianika omena ufuoni unatosha, maana mtaweza kurudi upesi. Ndani ya boti tandikeni godoro jembamba, na juu yake kiti cha plastiki kilichofungwa kwa kamba, ili aketi akichoka kulala na alale akichoka kuketi. Mwavuli, blanketi, maji ya kunywa, kitambaa cha kulowesha midomo, na nepi ya watu wazima ikiwa anaitumia. Hili la mwisho lishughulikiwe kimya kimya na mtu anayemchagua mwenyewe. Aibu inaweza kumharibia siku kuliko maumivu.

Sasa uvuvi wenyewe. Sangara ana nguvu, na mshipi uliokazika hukata ngozi. Mtu aliyepata matibabu ya kemikali anaweza kuwa na vidole vilivyokufa ganzi na damu isiyoganda upesi. Mvalishe glavu, na ndoano atie mwingine. Mshipi upite kwanza mikononi mwa kijana aliyeketi nyuma yake, yeye ashike mbele. Samaki akivuta atahisi. Na asiposhika samaki? Basi. Msimfungie samaki aliyekufa kwenye ndoano ili kumfurahisha. Mtu aliyevua miaka thelathini anajua uzito wa samaki aliye hai, na atajua kwamba sasa mnamchukulia kama mtoto.

Mwacheni atoe amri. Yeye ndiye aseme injini izimwe wapi, na chambo kiwe kipi. Kwa miezi mingi amekuwa akiambiwa meza hiki, geuka huku.

Kuhusu kula, tahadhari. Saratani ya umio ni ya kawaida sana magharibi mwa Kenya, na mgonjwa wake hawezi kumeza nyama ya samaki, achilia mbali mwiba. Mpe mchuzi uliochujwa ikiwa huwa anameza maji bila kukohoa. Kama hawezi hata hilo, mchomee samaki karibu naye apate harufu, na kitambaa kilicholoweshwa mchuzi kipakwe midomoni. Mumulize kwanza, kwa sababu wengine harufu hiyo huwachafua moyo.

Kuna siku ambazo safari haifai: akianza kuhema kwa shida ambayo hakuwa nayo jana, akitokwa na damu, akipatwa na kifafa, au akiwa haelewi yuko wapi. Siku hizo mpelekeni hadi ufuoni tu, au mfungueni dirisha na wavuvi wenzake waje na nyavu zao waketi wakizishona chumbani mwake.

Linabaki lile swali ambalo kila mtu analiwaza na hakuna anayelitamka: akifia majini? Litamkeni, naye akiwapo. Mwulize mkewe na wazee wa boma kama wanakubali, na mwenye boti vilevile, kwa kuwa wengine hawataki mauti yatokee katika chombo chao na wana haki hiyo. Chukueni barua ya daktari inayoeleza ugonjwa. Kifo kinachotokea nje ya hospitali huripotiwa kwa naibu wa chifu, na barua hiyo itawaondolea maswali mengi. Kubalianeni pia kwamba hali ikibadilika hamtamkimbiza hospitali ikiwa yeye mwenyewe amesema hataki.

Mkirudi salama, atalala siku mbili. Usiogope, huo ni uchovu wa kawaida. Dawa ziendelee kwa saa zake, ageuzwe kitandani kama kawaida ili asipate vidonda, na wageni waambiwe warudi kesho kutwa. Samaki, kama alipatikana, agawe yeye: kichwa kiende kwa nani, mkia kwa nani.