UGANDA: VIJANA WENGI, LANGO MOJA

Jirani zetu wa Uganda ni taifa la vijana. Sensa ya mwaka 1969 ilihesabu watu milioni 9.5, ile ya mwaka 2024 ilihesabu milioni 45.9, na kama nusu yao hawajatimiza miaka 18.

Faida ipo. Wazee wa kutunzwa ni wachache, na mashamba ya miwa ya Busoga na viwanda vya Jinja havikosi mikono yenye nguvu. Tena elimu ya msingi bila ada ilianza mwaka 1997, hivyo vijana wengi wanaoomba kazi wanaweza kuusoma mkataba. Wakipewa mkataba, lakini.

Hasara yaonekana langoni. Nafasi ni moja, waliojipanga ni wengi, na mwajiri analijua hilo. Anayedai nyongeza huambiwa achungulie nje. Sheria haikumkinga: kima cha chini kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 za Uganda kwa mwezi, fedha ambazo siku hizi hazilishi familia hata siku mbili. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kuweka utaratibu mpya, Rais Museveni akakataa kuutia sahihi.

Hapo ndipo kazi ya chama inapokuwa ngumu. Kibarua kijana huogopa kuchukua kadi, kwa kuwa mwenziwe yuko nje anangojea nafasi yake. Na huyo wa nje hana wa kumsemea, maana vyama huandikisha walio kazini.