Pedeli ya Kushoto

Tulimwagizia mwanetu baiskeli, ikaletwa ndani ya boksi, vipande vipande. Tukajisemea: sisi tuliosoma nahau na sarufi tutashindwa na nati? Baada ya Alasiri tukaketi barazani, spana mkononi, karatasi ya maelekezo tukaiweka kando.

Pedeli ya kulia ikaingia sawia. Ya kushoto ikagoma. Tukailazimisha, hata hesi zake zikaanza kusagika. Mwanetu akaiokota karatasi, akasema kwa adabu: “Samahani, baba, ya kushoto hukazwa kinyume na mwendo wa saa.” Kumbe ndivyo inavyoundwa, isije ikalegea kwa kukanyagwa. Tukaitoa, tukaianza upya kwa vidole, ikaingia.

Tukaona haya, na haya ile ikatufaa. Kabla mtoto hajaipanda, tuliipeleka kwa fundi aikague. Akaukuta usukani haujakazwa barabara. Lau tungalijiona wajuzi, mtoto angaliangukia njiani, nasi ndio tuliopewa amana yake.

Basi tusome kwanza, tuulize, kisha ndipo tukaze. Ilimu haina mdogo.