Uondoaji wa mawe bustanini

Uondoaji wa mawe bustanini ni kazi ya kutoa mawe katika udongo kabla ya kupanda maua. Katika elimu ya udongo, vipande vyenye kipenyo kinachozidi milimita 2 huitwa changarawe au mawe, wala havihesabiwi kuwa udongo wenyewe. Hata hivyo si lazima kila jiwe liondolewe, na bustani iliyosafishwa bila kulinda udongo wake huweza kujaa mawe tena.

Sababu za kuondoa mawe

Mawe makubwa huzuia mizizi kwenda chini, huharibu majembe na hupunguza nafasi ya udongo wenye rutuba. Maua yenye viazi au vitunguu ardhini, kama vile dalia na yungiyungi, huhitaji udongo laini zaidi. Kinyume chake, waridi la jangwani (*Adenium obesum*) hustawi penye changarawe, kwa kuwa halipendi maji yanayotuama.

Katika pwani ya Afrika Mashariki mawe mengi ni ya matumbawe, yaani yana chokaa. Chokaa ikizidi udongoni, mimea kama iksora hushindwa kupata madini ya chuma ya kutosha na majani yake huwa manjano. Mahali kama hapo kuokota mawe pekee hakutoshi. Ni afadhali kutumia tuta lililoinuliwa au chombo chenye udongo ulioletwa.

Kwa nini mawe hurudi

Watu wengi husema kwamba mawe "huota". Katika nchi zenye baridi kali, maji yaliyo chini ya jiwe huganda, hutanuka na kulisukuma juu. Katika nchi za joto sababu ni nyingine: jembe huibua mawe ya chini, na mvua huchukua udongo uliokuwa umeyafunika. Kwa hiyo mawe yanayozidi kuonekana kwenye mteremko ni dalili kwamba udongo unapotea. Anayeyaokota kila mwaka bila kuzuia mmomonyoko atafikia mwamba.

Hatua za kazi

1. Kupima ardhi kwa kuchoma fimbo ya chuma mahali kadhaa. Ikigonga kitu kigumu kila mahali, huenda ni mwamba, nao hauondolewi kwa jembe.
2. Kusubiri udongo uwe na unyevu kidogo. Ukiwa mkavu ni mgumu. Ukiwa na maji mengi hushindiliwa na miguu.
3. Kutenga udongo wa juu, kisha kuchimba sentimita 20 hadi 30. Kwa waridi huchimbwa zaidi.
4. Kung'oa mawe makubwa kwa sululu na mtaimbo, na kukusanya madogo kwa reki. Chekeche hutumika kwa kitalu cha mbegu tu.
5. Kurudisha udongo wa juu pamoja na mboji au samadi iliyooza, kwa kuwa shimo hupungua ujazo mawe yakitoka.

Ni vizuri kuvaa viatu vigumu na glavu, kwa sababu nge na nyoka hujificha chini ya mawe. Jiwe zito huinuliwa kwa kukunja magoti, si kwa kuinamisha mgongo, na lililo zito mno huviringishwa kwa mtaimbo.

Matumizi ya mawe

Mawe madogo yanayobaki juu ya udongo hupunguza nguvu ya matone ya mvua na kuzuia maji kukauka upesi. Makubwa hupangwa kukingama mteremko ili kushika udongo. Njia hii ni ya zamani: magofu ya Engaruka, kaskazini mwa Tanzania, yana ngazi za mashamba zilizojengwa kwa mawe, na Wakonso wa Ethiopia hutumia kuta za namna hiyo hadi leo. Mandhari yao iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011.