Fahamu: Maneno ya kisheria kabla hujapigiwa muhuri Machakos

Hati ya shamba ikipotea, au nyaraka zako zikihitajika ng'ambo, mjini Machakos utaelekezwa kwa wakili mwenye muhuri. Maneno haya yatakusaidia.

Hati ya kiapo: Maelezo ya maandishi unayoapa kuwa ni ya kweli. Usiitie sahihi nyumbani. Isaini mbele ya anayekuapisha.

Kamishna wa viapo: Wakili aliyeteuliwa na Jaji Mkuu kuapisha watu. Sura ya 15 ya Sheria za Kenya inamkataza kumwapisha mtu katika kesi anayoisimamia kama wakili au aliyo na maslahi ndani yake. Ni lazima aandike mahali na tarehe ya kiapo.

Vielelezo: Nyaraka zinazoambatishwa kwenye hati ya kiapo, kila moja ikiwa na muhuri na alama yake.

Notari: Wakili aliyeidhinishwa chini ya Sura ya 17 ya sheria hizo kuthibitisha nyaraka, hasa zinazokwenda nchi za nje.

Hati ya uwakilishi: Humpa mtu mwingine mamlaka ya kutenda kwa niaba yako, mathalani kuuza ploti. Isome yote kabla ya kusaini.

Kiapo cha uongo: Ni jinai. Ukidanganya kwa kiapo katika kesi, unaweza kufungwa hadi miaka 7.