Msomaji wa Sandoa na Ladha ya Riwaya

Uhakiki wa riwaya ya Kiswahili aghalabu huuliza mtunzi alikusudia nini na jamii yafunzwa nini. Msomaji mwenyewe, anayekesha na kitabu kwa kuwa hataki kukiweka chini, husahauliwa. Makala haya yanamtazama msomaji wa Sandoa, mji mdogo ulio kando ya mto Lulua, kaskazini ya reli itokayo Kolwezi kwenda Dilolo. Lugha ya nyumbani kwake ni Uruund au Kichokwe, shuleni hufundishwa kwa Kifaransa, na Kiswahili amekiokota sokoni, barabarani na kwa jamaa waliorudi kutoka migodini.

Kiswahili hicho kina *batoto* na *bintu*, na penye *ni* mara nyingi husema *iko*. Riwaya ya Unguja au ya Tanzania bara humwia ngumu mwanzoni, naye huambiwa kwamba lugha yake ni mbovu. Hukumu hiyo si ya haki. Kiswahili kilikwisha kufika Katanga na misafara ya biashara. Lakini kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilipokusanya watu kutoka Kasai, Ruanda-Urundi na Rodesia ya Kaskazini, ndipo kilipokuwa lugha ya kazi ya watu wasioelewana kwa lugha za mama zao. Basi msomaji huyu haji mikono mitupu. Mwalimu akimtanguliza kwa orodha ya ngeli, hamu yake hufa kabla ya ukurasa wa kumi.

Zipo riwaya zinazomvusha haraka. Katika *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, maneno mageni hayamuumizi sana, kwani yeye na Bwana Msa wote wawili wanamtafuta muuaji, na mwenye kutafuta hana nafasi ya kufungua kamusi kila mara.

Lakini riwaya inayomgusa zaidi ni *Kuli* ya Adam Shafi, ya mwaka 1979. Rashidi anaingia kazi ya ukuli katika bandari ya Unguja, na habari inaelekea kwenye mgomo wa mwaka 1948. Bahari msomaji wa Sandoa pengine hajaiona kamwe. Hata hivyo, mzigo begani, msimamizi mwenye kufoka na ujira usiotosha chakula, hayo ameyasikia kwa wazee. Tena anajua jambo ambalo halimo katika kitabu: mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière mjini Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, waligoma wakidai nyongeza ya mshahara, na tarehe 9 askari wa serikali ya kikoloni wakawafyatulia risasi katika uwanja wa mpira. Kwa hiyo anapoona makuli wakikusanyika huwaogopea, na hofu hiyo hakuitia mtunzi. Wanaodai kwamba raha ya riwaya ni kuyakimbia maisha hawajamfikiria msomaji wa namna hii, ambaye raha yake ni kuyakuta yake mbali na kwao, tena kwa lugha aliyoambiwa si yake.

Kipo pia kitabu cha kuwekwa karibu na *Kuli*, ingawa si riwaya: historia ya Elisabethville iliyoandikwa mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani, ambayo Johannes Fabian aliitoa pamoja na tafsiri mwaka 1990. Imeandikwa kwa Kiswahili cha Katanga, bila kuomba radhi. Idara zinazofundisha riwaya za pwani zingeweza kuvisomesha vitabu hivi viwili katika muhula mmoja. Hapo mwanafunzi wa Dar es Salaam ndiye atakayekwama kila mstari, na wa Sandoa atamsaidia kusoma.